Na Jirani N'nani?

Dalali alinipeleka kukiangalia kiwanja asubuhi ya Jumapili, jua halijakaza. Maneno yake alikuwa nayo tayari kama muuza dawa wa mnadani: umeme upo pale kwenye nguzo, maji yatafika, lami inakuja, msikiti ule pale, skuli ile kule. Akapiga mguu chini mara mbili kunionesha kwamba udongo ni mgumu. Nikapiga picha, nikamrushia mamaangu Pemba, kisha nikampigia simu nikamsomea sifa zote kama zilivyotoka mdomoni mwa dalali. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza suala moja tu.

"Na jirani n'nani?"

Sikuwa na jibu. Nikamwambia kuna nyumba moja ina bati jipya, sijui ya nani.

"Basi weye hujakiona kiwanja," akasema, akakata simu. (Mama hukata simu bila ya kuaga. Anasema salio si la kuagia.)

Mimi nasomesha jiografia. Mwaka wa kumi na sita huu, kila ikifika mada ya makaazi ya watu, huandika ubaoni yale yale: maji, rutuba, hali ya hewa, usalama, usafiri, kazi. Watoto wananakili, wanafaulu mtihani, wanasahau. Jirani hayumo ubaoni. Hayumo hata kwenye kitabu. Nikarudi nyumbani kwangu Ng'ambo ya mjini Unguja, vyumba viwili vya kukodi, nikakaa na lile suala siku nyingi.

Nisieleweke vibaya, yale ya ubaoni si uongo. Anayetaka kuyaona kwa macho apande gari ya Makunduchi, akae upande wa dirisha. Kutoka mjini mpaka Tunguu utaona minazi na miembe iliyonenepa, imesimama juu ya udongo mwekundu tunaouita kinongo, udongo ambao ukitupa kokwa leo, baada ya miaka unagombea kivuli na ndugu zako. Ukishaupita msitu wa Jozani ardhi inakonda. Miti inafupika, mawe yanatokeza kama mbavu za ng'ombe mzee. Huko ndiko maweni. Mvua ikinyesha inazama hapo hapo kwenye matumbawe, hakuna mto wala kijito. Mkulima hupanda uwele, mtama, choroko na tungule kwenye vishimo vya udongo baina ya jiwe na jiwe, na mtaimbo kwake ni muhimu kuliko jembe.

Na bado watu wamekaa huko tangu zamani ambazo akili inachoka kuzihesabu. Kwenye pango la Kuumbi, karibu na Jambiani, wachimbuzi wa mambo ya kale wamekuta dalili za watu wa miaka kama 20,000 iliyopita, wakati Unguja ilikuwa bado haijawa kisiwa, bahari iko chini na mtu anaweza kutoka bara kwa miguu. (Sisi wa Pemba hatukuunganishwa na bara wakati huo, mkondo wetu una kina cha mita mia kadhaa. Ndiyo maana Unguja ilikuwa na chui wake, na sisi tukabaki na popo.) Msikiti wa Kizimkazi una maandishi ya mwaka 1107. Watu hao hawakuwa wajinga wa udongo. Mapango yaliwapa maji, na bahari ya ndani ya mwamba iliwapa pweza, chaza na samaki bila ya kwenda mbali.

Halafu ikaja karafuu, na karafuu ilitaka kinongo. Karne ya 19, Seyyid Said alipohamisha makao yake kutoka Muscat kuja Unguja, ardhi nzuri ya magharibi ikageuka mashamba makubwa yaliyolimwa na watumwa, na wenyeji, Wahadimu, wakabaki zaidi upande wa mawe. Ukiitazama ramani ya vijiji vya Unguja leo na hujui habari hiyo, utadhani watu waliyapenda mawe.

Lakini ardhi ina mzaha wake. Mwaka 1989 kilimo cha mwani kikaanza kibiashara pwani ya mashariki, na wanawake wa Paje na Jambiani wakawa na fedha mkononi kutokana na mahali ambapo jembe halikuwahi kuzaa kitu. Baadaye wakaja wageni. Nina shangazi yangu wa ndoa kule Paje. Mumewe alirithishwa kipande cha ufukweni kwa sababu alikuwa mtoto wa mwisho. Kaka zake walijichukulia ndani kwenye minazi, wakamwachia yeye mchanga na upepo wa chumvi. Hao kaka sasa hivi wakija kumtembelea hupitia mlango wa nyuma, maana mbele kuna hoteli, na hoteli iko juu ya kipande kile. Jiwe lisiloota kunde limeota vyumba arubaini na bwawa la kuogelea.

Nikilieleza hili darasani, kijana mmoja kwenye dawati la nyuma akasema: "Kwa hiyo mwalimu, rutuba haina maana." Ina maana. Misri karibu asilimia 95 ya watu wamebanana kwenye kama asilimia 5 ya ardhi, ukanda wa Nile na mlango wake, na Java zaidi ya watu milioni 150 wanaishi chini ya milima ya moto kwa sababu jivu lake ni mbolea. Kwa hayo kitabu kiko sahihi na sina la kuongeza. Kinachonisumbua ni kwamba kitabu kinakwambia kwa nini mtu wa kwanza alifika. Hakikwambii kwa nini mjukuu wake wa kumi bado yupo.

Chukua Mji Mkongwe. Mji huu ulizaliwa na upepo, au niseme ulizaliwa na kusubiri. Kaskazi ikianza kuvuma kwenye Disemba ilileta majahazi kutoka Arabuni, Ghuba na Kutch. Kusi ikianza baada ya hapo, kwenye Aprili, iliyarudisha. Unguja ilikuwa mahali ambapo nahodha anafika, anauza, ananunua na anarudi kwao ndani ya mwaka mmoja. Aliyeshuka kusini sana alijiweka kwenye hatari ya kuachwa na upepo. Upande wa magharibi kuna bandari iliyokingwa, na pale Mtoni palikuwa na maji matamu ya kujaza mapipa. Basi baina ya upepo na upepo kuna miezi, na mabaharia miezi hiyo hawakukaa wanatazama angani. Walikodi vyumba, walikopa, walikopesha, walioa. Aliyeoa alirudi mwaka uliofuata kwa sababu mbili, na aliyezaa mara nyengine hakurudi kwao kabisa. Sultani Barghash, aliyetawala 1870 mpaka 1888, akaleta maji ya bomba kutoka kwenye chemchem za upande wa Bububu.

Hapo pana jambo ambalo sikuwahi kulisomesha. Tunasema watu hufuata maji. Kwa muda, ndiyo. Watu wakishaota mizizi, maji ndiyo yanayotumwa kuwafuata.

Tumbatu ni ushahidi mkubwa zaidi. Kisiwa kile kinajulikana kwa kukosa maji matamu. Kwa vizazi, watu wa Jongowe na Gomani walivuka bahari kuja upande wa Unguja kuteka, na wakivuka hivyo walikuwa wanaiona ardhi yenye visima, yenye nafasi, ng'ambo tu ya mkondo. Mtu wa kitabu angewashauri wahame. Hawakuhama. Siku hizi maji wanapelekewa kwa bomba lililopita baharini. Nilimuuliza mvuvi mmoja wa Jongowe, tumekaa Mkokotoni tunasubiri mashua, kwa nini wazee wao hawakuhamia tu upande huu wa visima. Akanitazama kama niliyemtukania mama. "Maji yanachotwa, mwalimu," akasema. "Watu wa kwenu utawachota wapi?"

Ng'ambo nako nikupe kidogo, kwa kuwa ndiko niliko. Zamani mji wa mawe ulikuwa umekatwa na hori la maji ya bahari, na waliokaa upande wa pili wa hori ni watumwa, walioachwa huru, vibarua, wageni wasio na kitu. Hori limeshafukiwa, limebaki jina la Darajani, watu wananunua madera na chaja za simu pale ambapo maji yalikuwa yanajaa na kupwa. Ukiyasoma majina ya mitaa unaona watu waliofika bila ya kitu walitafuta nini kwanza: Miembeni, Kikwajuni, Mikunguni, Mwembetanga, Mwembeladu, Michenzani. Kivuli. Mtu anaweka mzigo chini ya mti, wa pili anamwona, wa tatu anaambiwa kuna mtu wa kwao yuko chini ya ule mwembe. Mti umeshakatwa siku nyingi, na mtaa upo.

Sasa zihesabu sababu za Mji Mkongwe uone zilivyokufa moja moja. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873. Kimbunga cha 1872 kilikuwa kimeshaiangusha mikarafuu ya Unguja. Pembe za ndovu zikapungua, meli za moshi zikaacha kusubiri kaskazi, na biashara ya bara ikahamia Mombasa na Dar es Salaam. Kwa hesabu ya ubaoni, hapa pangekuwa magofu na mbuzi. Sensa ya 1978 Zanzibar nzima haikufika watu laki tano. Sensa ya 2022 imetuhesabu 1,889,773, na karibu nusu yetu tuko Mkoa wa Mjini Magharibi, tukigombea viwanja na madalali.

Barazani kwetu, baada ya Isha, kuna mzee muuza kahawa na kuna wajumbe wake wa kudumu. Usiku mmoja kijana alituonesha kwenye simu mji wa Yakutsk, Siberia: zaidi ya watu laki tatu, Januari baridi inashuka chini ya nyuzi arubaini chini ya sifuri, nyumba zimejengwa juu ya nguzo ili joto lake lisiyeyushe ardhi iliyoganda ikazama. Samaki sokoni wamesimamishwa wima kama kuni. Baraza likacheka. Wale watu hawana akili, akasema mmoja, si wahamie kwenye jua? Mzee wa kahawa, ambaye ujanani alikuwa baharia wa meli za mizigo, akagonga vikombe vyake. "Mtu wa huko naye akituona sisi sita tunalala chumba kimoja, na feni limesimama kwa kuwa umeme hakuna, atasema nini? Atasema si wahamie kwenye baridi."

Warusi walijenga ngome Yakutsk mwaka 1632, kwa ajili ya ngozi za wanyama na kodi. Baadaye nchi hiyo ikatoa dhahabu na almasi. Ngozi hazina tena kazi kubwa. Johannesburg ilianza 1886 kwa dhahabu, mahali pasipo bandari wala mto mkubwa, na leo maji yake mengi yanaletwa kutoka milima ya Lesotho. Potosí, Bolivia, iko juu zaidi ya mita 4,000, hewa nyembamba mgeni anapumua kama aliyekimbia. Ulianzishwa 1545 kwa ajili ya mlima wa fedha, ukawa miongoni mwa miji mikubwa ya zama zake, na wenyeji wengi waliingizwa mgodini kwa nguvu. Fedha ile ya mwanzo imekwisha. Watu bado wamo, wanakwaruza bati na mabaki, wanaoana, wanazika. Sababu iliyowaleta imekwenda zake, wao hawakwenda nayo.

Wala sisemi watu hubaki kila mahali. Hapo hapo Tumbatu, karibu na Jongowe, yapo magofu ya Makutani, mji uliokuwa na misikiti ya mawe ukaachwa kabla ya Mreno hajafika. Pemba tuna Ras Mkumbuu, na tuna Pujini kwenye ngome ya mtawala Mkama Ndume, ambaye ukisikiliza hadithi zake hutashangaa kwamba raia walichoka. Nimetembea Ras Mkumbuu na wanafunzi. Makaburi yako vizuri, bahari iko vizuri, samaki wapo. Tulikaa tukala mihogo yetu juu ya ukuta wa watu waliokuwa na sababu zote za ubaoni, na hakuna hata mmoja aliyebaki wa kutukaribisha.

Kwetu sisi habari ilianza na kile kimbunga. Upepo uliovunja mikarafuu ya Unguja uliipita Pemba bila ya kuiumiza sana, na kwa miaka mia na zaidi iliyofuata karafuu nyingi za Zanzibar zikawa za Pemba. Kila msimu watu walivuka kwenda kuchuma. Babu yangu, mzaa baba, alikuwa mtu wa Makunduchi, kijana wa maweni hasa. Alivuka mwaka mmoja kwenda kuchuma, akafikia nyumba ya mtu wa kwao aliyemtangulia karibu na Konde. Msimu ukaisha, wenzake wakafunga mizigo, yeye akasema ana homa. Homa hiyo ilikuwa na jina, na baadaye ndiyo ikawa bibi yangu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali ilipogawa mashamba, akapata eka tatu zake kama wengine, akapanda mikarafuu juu ya mikarafuu. Sisi tunaoitwa Wapemba, basi, tuko hapa kwa sababu ya upepo wa 1872, eka tatu na homa ya uongo.

Kisha wajukuu wa aliyekuja wakaanza kuondoka. Wako walio Muscat, waliokwenda baada ya Mapinduzi na wengine baada ya 1970, Sultan Qaboos alipowaita Waomani waliotawanyika. Ukiingia nyumbani kwao unasikia Kiswahili cha Wete kinagombeza watoto. Wako waliovuka kwa madau kwenda Shimoni, Kenya, baada ya mauaji ya waandamanaji ya Januari 2001, watu zaidi ya elfu mbili, na sitaki kuyarefusha hapa. Wako wa Kariakoo, na wa miji ya bara ambayo sikuwahi kuisikia mpaka ndugu akafungua duka huko. Wakojani wao ni kabila la peke yao katika hili: kisiwa kidogo, nyumba zimeegemeana, na wanaume wake wanakwenda dago mpaka Unguja, Tanga, Mafia na pwani ya Kenya, wanapiga kambi ufukweni miezi, wanavua, wanarudi pale pale penye kubanana. Hakuna anayekwenda dago mahali asipojua mtu. Ndipo watu husema Wapemba hujuana kwa vilemba, na husema kwa kejeli kidogo, kama kwamba tuna chama cha siri. Hakuna siri. Mtu aliyetangulia anajua chumba kiko wapi, bei ya kweli ni ipi, askari gani mkali, kisima gani kina chumvi. Asiye na mtu analipa kila kitu mara mbili.

Hilo nalijua kwa mfuko wangu. Hiki cha Jumapili si kiwanja changu cha kwanza. Cha kwanza nilikinunua miaka saba nyuma, kiangazi, nyasi zimekauka vizuri, upepo mwanana. Sikumuuliza mtu. Mwalimu wa jiografia atamuuliza nani? Masika ilipokuja nilikwenda na fundi kupima msingi, tukakuta watoto wanaogelea. Vyura wanalia mchana. Mzee mmoja aliyekuwa anapita na punda akasimama, akatazama maji, akatazama ramani mkononi mwangu, akasema mahali hapo wenyewe tangu zamani wanapaita ziwani, ila madalali hawapaiti hivyo. Ukipita Kibondemzungu wakati wa masika, maji yamekata njia, jina lenyewe lina bonde ndani yake tangu siku ya kwanza. Nilikuwa nasomesha ramani za Brazili na sijayasoma majina ya njiani.

Kwa hivyo safari hii mama alikuja mwenyewe. Boti ya Mkoani, kikapu cha mihogo na ndizi, na mkungu wa kuonesha kwamba kikapu hakikutosha. Hakutaka kupumzika. Tulipofika kiwanjani dalali alianza upya na nguzo ya umeme, mama akampita kama mtu anayempita muuza karanga, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye nyumba ya bati jipya. Akapiga hodi. Akafunguliwa na mwanamke wa umri wake. Nikasikia salamu ya kwetu Pemba, "Chechee?" na "Chechee zaidi," na mlango ukafungwa.

Nikabaki na dalali juani. Robo saa. Nusu saa. Akaniuliza kama mama yangu ana jamaa mle, nikamwambia hana. Akaniuliza tena kuhusu arubuni, kwamba kuna mtu mwengine anakitaka, kwamba kesho hawezi kuniahidi. Mle ndani nikasikia kicheko, kisha sauti ya kikombe.

Alipotoka alikuwa na miche mitatu ya mchaichai imefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Yule mwanamke alikuwa mtu wa Kiuyu, Pemba. Walishapata mtu wa kati: binamu ya mama aliwahi kuolewa na kaka wa mume wa shoga ya mwanamke huyo, akaachwa, lakini vizuri. Maji hutoka usiku wa manane, siku mbili kwa wiki. Barabara imekuwa inakuja tangu mtoto wa mwisho wa nyumba ile yuko madrasa, sasa yuko chuo. Na kiwanja kile kimeshauzwa mara mbili. Mnunuzi wa kwanza yuko Dubai, wa pili alikuja mwezi uliopita na mawe ya msingi akafukuzwa na ndugu wa wa kwanza.

Aliyasema yote hayo mbele ya dalali, kwa sauti ya kawaida, kama anayesoma bei ya vitunguu. Dalali akatazama simu yake, akasema ana mteja anamsubiri Mwera.

Tukarudi kwa miguu mpaka barabarani kusubiri gari. Mama ameshika miche yake, anaitia maji kidogo kidogo kutoka kwenye chupa yangu ya kunywa. Nikamwambia asikitike, tutatafuta pengine. Hakuwa anasikitika. Alikuwa ameshaambiwa kwamba nyuma ya nyumba ile, mkono wa kushoto, kuna bibi mmoja mjane anataka kuuza kipande, ila hauzi kwa mtu asiyemjua, na kwamba Ijumaa kuna hitima kwao.

"Ijumaa una darasa?" akaniuliza.